Nyuso Sita za Kuazima

Walisema sitaweza. Walisema kwa Kiswahili na kwa Kinamwanga, na wale wa upande wa pili wa mpaka walisema kwa Kibemba, lakini kicheko chao kilikuwa kimoja. Mama Neema, aliyekuwa akiuza chakula karibu na geti la forodha, alinitangaza mbele ya meza nzima ya madereva wa malori: "Huyu ndiye anataka kufuta madoa ya nyuso za watu? Aanze na uso wake. Mwangalieni, kama gogo la kukatia nyama." Madereva wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na mchuzi. Mwenye duka la dawa baridi nililoajiriwa hakucheka. Alikisoma cheti changu, akakirudisha kwenye bahasha taratibu, akasema, "Stashahada haipakwi usoni, kijana. Uza panado."

Leo nina maduka matatu ya dawa, Tunduma, Vwawa na Mlowo, na stashahada ile imening'inia ukutani katika duka la kwanza, kwenye fremu ya kioo, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Watu husema najisifu. Najisifu, ndiyo, nani mwingine angenisifia? Lakini kitabu hiki ningekimaliza bila sura hii kama Mzee Haonga, mpiga picha, asingefariki. Tulimzika mwezi uliopita kijijini kwao Itaka, na siku ya tatu ya msiba, tukiwa tumekaa kwenye majamvi tukila wali na maharage, mwanawe wa kwanza alinijia na bahasha ya kaki iliyochakaa. "Mzee alisema hii ni yako." Ndani kulikuwa na negativu za picha, nyingi, kila moja imefungwa kwa karatasi. Niliinua moja kuelekea kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa uso wangu, nikiwa na miaka ishirini na sita, nao ulikuwa ukungu mtupu kwa sababu nilitikisika. Nikachukua nyingine. Ukungu. Ya tatu, ukungu. Nilishindwa kuendelea kula. Nilitoka nje, nikazunguka ile nyumba mara nne kama mtu aliyepoteza ufunguo, na mke wangu akawaambia watu, "Mwacheni, ndivyo alivyo, hakai."

Ndivyo nilivyokuwa hata mwaka ule. Mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa. Sisi tulikuwa pembe ya Mbeya, na Tunduma ilikuwa barabara moja yenye vumbi, malori, na watu waliojifunza upesi kwamba kila kitu sasa kinauzika. Nilikuwa nimerudi kutoka Kitwe, Zambia, nilikosoma ufamasia nikilala kwenye chumba cha watu wanne. Hapa nilipewa chumba nyuma ya duka la dawa, kitanda cha kamba, ndoo, na kioo kilichovunjika kona. Ukuta mmoja ulikuwa wa mbao, na nyuma ya mbao hizo ndipo Mzee Haonga alipokuwa na studio yake ya picha. Nilisikia kila kitu: kiti chake kikiburuzwa, kikohozi chake, na wateja. Wengi walikuja kupiga picha ndogo za hati za kusafiria, na karibu kila mwanamke, kabla hajakaa, alisema jambo lile lile: "Mzee, haya madoa ya chunusi utayafuta?" Naye alijibu, "Penseli ipo, mama."

Alikuwa na ufundi ambao sasa umekufa. Doa jeusi usoni, kwenye negativu, huonekana kama tundu jeupe. Mzee Haonga aliishika negativu dirishani, akachonga penseli ikawa kama sindano, akalijaza tundu lile kwa nukta ndogo ndogo, na picha ilipotoka, doa halipo. Wanawake wale walirudi barabarani na nyuso zao zile zile, wakiwa wamebeba mkononi picha ya ndugu yao asiyekuwepo. Mimi mwenyewe nilikuwa na madoa toka kwenye paji la uso hadi shingoni. Nilikuwa nimetumbua kila chunusi niliyopewa na ujana, kwa kucha, mbele ya kioo kile chenye kona iliyovunjika. Nikiwa nimelala nikisikiliza mbao, nilijiambia: hapa ndipo nitakapotokea.

Chuoni nilifundishwa kwamba doa la chunusi si uchafu, na wala halihitaji kuchubuliwa. Ngozi ikiumia hutoa rangi nyingi kuliko inavyohitaji, kisha huchukua muda kuisahau. Zuia chunusi mpya, acha kutumbua, jikinge na jua, na kama huna mimba unaweza kutumia krimu ya asidi ya vitamini A, kidogo kama punje ya harage, usiku. Halafu subiri. Mwalimu wetu alilirudia neno subiri kila kipindi, na kila kipindi mimi niliacha kuliandika. Nilikuwa na katoni moja ya tyubu za krimu hiyo niliyokuja nayo kihalali kutoka Kitwe. Sikuwa na mtu hata mmoja wa kuniamini.

Nikaenda kuazima nyuso. Sina neno jingine. Wanawake waliouza mchele wa Kamsamba, vitenge na dagaa pale karibu na geti walikula mchana kwa Mama Neema, kwenye benchi refu chini ya bati, ugali wa dona na matembele, sahani zikipokezanwa. Niliwasimamia vichwani kama mhubiri. Niliwaambia siuzi, sitaki hela. "Niazimeni nyuso zenu. Mzee Haonga atawapiga picha kila mwisho wa mwezi, dirisha lile lile, saa nne asubuhi, bila penseli. Baada ya siku thelathini mtaona wenyewe." Siku thelathini! Hakuna aliyenifundisha hiyo. Ilinitoka tu, kwa sababu walikuwa wananisikiliza.

"Na ukituharibu?" aliuliza Mama Rehema, muuza mchele, mwanamke mzito wa maneno machache.

"Nitawarudishia."

"Utaurudishaje uso, baba? Uso ni sufuria?"

Walicheka, lakini wakaja. Mmoja nilimrudisha kwa kuwa alikuwa mjamzito, akanuna wiki nzima. Walibaki sita. Wa mwisho kukubali alikuwa Enesi, mpwa wa Mama Neema, binti wa miaka kumi na tisa aliyeuza vitenge huku kimoja amejifunika hadi chini ya macho. Alikuwa amefaulu kidato cha nne na alikuwa na fomu ya chuo cha ualimu ndani ya sanduku. Fomu ilitaka picha mbili. Mzee Haonga alishampa ahadi ya penseli, naye akakataa. "Nikifika chuoni na picha isiyo na doa hata moja," aliniambia, "watasema sio mimi. Watanirudisha getini." Fomu ilikuwa na mwisho wake wa kupokelewa, karibu mwaka mzima mbele, na aliutaja mwezi huo kama mtu anayetaja siku ya kujifungua. Kwa hiyo nilijua toka mwanzo ninachokishika mkononi.

Mwezi wa kwanza sikulala vizuri. Sikuweza kukaa dukani. Nilikuwa nauza panado huku jicho liko barabarani, na mteja akigeuka tu natoka mlangoni kuangalia nyuso zile sita kwa mbali, kana kwamba madoa yangepauka nikiyakodolea. Mwenye duka akaniuliza kama nina minyoo. Mwisho wa mwezi wakaja studio. Mzee Haonga aliwapiga mmoja mmoja, kisha akaniita na mimi, wa saba, kwa kuwa nami nilikuwa nikijipaka krimu ile. "Kaa." Nikakaa. "Tulia." Kamera yake ilikuwa ya mbao, ya zamani, ilihitaji pumzi mbili za utulivu kabisa. Mimi nilikuwa nimeshageuza shingo kuangalia kama picha ya Enesi imeanza kukauka. "Umetikisika," alisema. "Filamu yangu umeila." Jioni yake, mimi nikiwa kitandani, nilisikia sauti ya Mama Neema nyuma ya mbao.

"Haonga, niambie kweli. Unaona nini?"

Kiti kikaburuzwa. "Yameongezeka weusi, mama."

"Wote?"

"Wote sita. Kijana mwenyewe sijui, yeye hatulii."

Nilikaa na kushika miguu yangu. Kisha nikasikia, taratibu, "Nilisema mimi. Sasa mtoto wa dada yangu nitamwambia nini?"

Asubuhi nilipotoka, barabara nzima ilikuwa inajua. Kijana wa kubadilisha fedha, mwenye maburungutu ya kwacha mkononi, alinipigia saluti: "Daktari Lami! Leo tunapaka nani?" Mama Rehema ndiye aliyeniumiza zaidi. Alinigeuzia tu shavu, akanyooshea kidole, akaendelea kupima mchele. Ngozi ilikuwa inachunika na madoa yamekuwa kama alama za makaa. Enesi sikumkuta. Meza yake ilikuwa na kitenge kimetandikwa, jiwe juu yake, mwenyewe hayupo. Alikuwa amevuka kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kununua tyubu ya kung'arisha uso waliyokuwa wanauziana kwa siri, ambayo ndani yake kuna dawa kali ya ngozi isiyotakiwa kugusa uso wa mtu bila daktari. Nayo, tofauti na yangu, ilifanya kazi. Baada ya wiki mbili alifungua uso wake mbele za watu. Alikuwa anang'aa kama sahani. Watu walimpigia vigelegele, na mimi, mwenye stashahada, nikapita upande wa pili wa barabara kwa sababu nilijua kinachokuja nyuma ya mng'ao ule.

Sasa nina umri wa kukubali mambo, nikubali hili. Siku zile sikuwaza ngozi ya Enesi kwanza. Niliwaza jina langu. Nilisoma daftari langu la chuo ukurasa kwa ukurasa nikitafuta walipokosea wanawake wale. Kipimo sahihi. Krimu sahihi. Nilitembea hadi mwisho wa mji, nikarudi, nikatembea tena, viatu vikaisha kisigino. Sikuwa nimefanya jambo moja tu dogo, la bure, ambalo mtu yeyote asiyesoma angelifanya siku ya kwanza: kwenda kuwaona wakijipaka.

Nilikwenda kwa bahati, kwa njaa. Ilikuwa alfajiri imepambazuka, nimefika kwa Mama Neema kutafuta chai na maandazi kabla ya watu wa kunicheka hawajaamka. Nikawakuta watatu kati yao uani, wametoka kuoga, khanga zimefungwa kifuani, wamekaa kwenye vigoda wakijipaka. Mafuta mikononi, mafuta miguuni, halafu Mama Rehema akafungua tyubu yangu, akatoa kidogo kama punje ya harage, sawasawa kabisa nilivyoelekeza, akapaka usoni. Jua lilikuwa linachomoza nyuma ya malori.

"Mama Rehema," nikasema, "si nilisema usiku?"

Akanitazama kama nimemwambia ale ugali akiwa amelala. "Usiku? Dawa ya maana hivi, nijipake nikalale nayo? Aione nani?"

"Godoro," akasema mwingine, na wakacheka wote watatu.

Nilisimama na andazi mkononi. Nimekulia na watu hawa. Mama zetu walitupaka mafuta asubuhi tunapotoka kwenda kwa watu, shule, kanisani, msikitini, sokoni. Mtu anajipaka ili aonekane. Kujipaka ukalale ni kumwaga mafuta. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, na Kitwe nililisahau. Basi walikuwa wanaipaka krimu inayoifanya ngozi iwe laini kama ya mtoto, kisha wanakwenda kusimama nayo kutwa nzima juani, kwenye lami, bila hata kofia. Neno usiku nilikuwa nimelitamka. Sababu sikuitoa. Nilidhani cheti kinatosha kuwa sababu.

Niliweka andazi chini. Nikapiga magoti pale uani, kwenye matope ya maji ya kuogea, mbele ya wanawake watatu na Mama Neema aliyekuwa ameshika mwiko. Nikasema, "Mama zangu, kosa ni langu." Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu nilipotamka maneno hayo, na mpaka leo nahesabu hazijafika tano.

Mama Neema akaniashiria na mwiko. "Inuka, unaharibu suruali. Sasa wafanyeje?"

Kwanza tuliacha kila kitu kwa mwezi mzima, ngozi ipumzike: maji, sabuni ya taratibu, mafuta ya kawaida. Kisha Mama Neema mwenyewe ndiye aliyetoa dawa ya tatizo, na mimi nimeishi kwa hekima yake zaidi ya miaka ishirini. "Kama wanataka kuonekana," alisema, "waonane." Tangu hapo, kila siku saa moja jioni, meza zikishafungwa, wote walikuja jikoni kwake. Walikula kwanza. Halafu wakapokezana kioo chini ya taa ya chemli, kila mmoja akampaka mwenzake, wakichambuana bila huruma. "Wewe hili la kidevuni umelitumbua tena, mkono wako una wazimu." "Mwacheni, alikuwa anamsubiri dereva wa Kapiri." Nilikaa mlangoni na kuwasikiliza, na mguu wangu ukicheza mpaka Mama Neema akaupiga na mwiko.

Jua lilikuwa kazi nyingine. Niliwapa malhamu ya zinki ya kukinga jua, nyeupe, nzuri, wakatoka nayo siku moja tu, kijana wa kubadilisha fedha akawauliza wanacheza ngoma gani. Ikaishia hapo. Nikamfuata dereva mmoja Mzambia aliyekuwa amekwama forodhani siku kumi na moja, nikampelekea dawa ya tumbo na ugali kila siku, nikamweleza shida yangu. "Ba Festo," aliniambia, "wewe unaomba turubai ya lori kwa ajili ya sura za wanawake?" Nikasema ndiyo. Alicheka, akanikatia kipande kikuukuu cha mita nyingi. Nikamwambia natotela mpaka akachoka kushukuriwa. Tulikifunga juu ya meza sita, na mimi nilipanda nguzo mwenyewe, mwenye stashahada, barabara nzima ikitazama.

Akabaki Enesi. Tyubu ya Nakonde iliisha, na alipochelewa kupata nyingine uso wake uliwaka. Chunusi zilirudi kwa mamia, ngozi nyekundu, nyembamba, mishipa inaonekana. Alijifungia kwenye chumba cha nyuma kwa Mama Neema. Nilikaa nje ya pazia, kwenye kopo la mafuta.

"Enesi, dada yangu."

"Nenda, kaka Festo."

"Nilikosea."

"Nimesikia umepiga magoti. Walinihadithia. Mimi sikuwepo, kwa hiyo hayo magoti si yangu." Nilisikia sanduku likifungwa. "Mimi sikukupa hela, kaka. Hela ningekusamehe. Nilikuazima uso wangu, na fomu ina miezi saba. Nirudishie uso wangu."

Niliomba ruhusa dukani, sikupewa, nikaenda hivyo hivyo. Tulipanda basi la Mbeya, mimi, yeye na Mama Neema katikati yetu, hadi kwa daktari wa ngozi. Daktari alinisikiliza, akaniuliza nilisoma wapi, nikamwambia kwa sauti kubwa kidogo, akasema, "Basi unajua kwamba hapa hakuna njia ya mkato." Alimwandikia dawa ya kumshusha polepole kutoka kwenye ile kali, na ya kutuliza chunusi. Krimu yangu alisema ingoje miezi mitatu. Niliporudi kazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Chumba niliachiwa kwa kuwa hakuna aliyekitaka. Nikawa nabeba magunia ya mchele ya Mama Rehema asubuhi na kusoma daftari langu mchana. Waliosema sitaweza walikuwa na mwaka mzuri.

Kila mwisho wa mwezi tulikwenda dirishani, saa nne. Sikuona mabadiliko. Nataka wasichana wanaokuja dukani kwangu leo na simu zao, wakitaka kitu cha siku saba, wanielewe hapa: sikuona chochote, na nilikuwa nawaangalia kila siku. Madoa hupauka kama mtoto anavyokua, mbele ya macho yako na bila ruhusa yako. Ni Mzee Haonga aliyezipanga picha mezani kama karata, mwezi wa tatu, wa tano, wa saba, akanishika kichwa akanielekeza. Shavu la Mama Rehema lilikuwa linarudi nyumbani. Uso wangu sikuweza kuuhukumu. Katika kila picha nilikuwa ukungu.

Siku ya kulipa ilikuwa Jumamosi. Hata mwaka ulikuwa haujatimia, na fomu ya Enesi ilibakiza wiki mbili. Walikuja wote sita, wameoga, wamejipaka mafuta yao ya kuonekana. Mama Neema alikuja na mwiko, sijui kwa nini. Mzee Haonga alipiga, akaingia chumba chake cha giza, akatoka na negativu zinachuruzika. Alizishika moja moja dirishani na penseli sikioni. Alichukua muda mrefu. Nilizunguka kile chumba. "Mama Rehema," alisema hatimaye, "hapa sina kazi." Akaweka pembeni. Wa pili, hana kazi. Wa tatu alibakiza kivuli kidogo shavuni, mwenyewe akasema kiacheni, mume wangu atanipotea. Mpaka wa tano. Kisha akaishika ya Enesi, akaisogeza karibu na kioo cha dirisha, akaitoa penseli sikioni, nami nikaacha kuzunguka. Aliitazama penseli ile. Akaiweka mezani.

Enesi alipokea picha zake mbili bado zina unyevu. Hakutabasamu. Alizishika kando ya shavu lake, akamgeukia mama yake mdogo. "Ni mimi?"

"Ni wewe," alisema Mama Neema. "Na hilo moja la taya."

"Hilo nalijua. Hilo ni langu." Alizitia kwenye fomu, akanipa mkono kama mwanaume. "Kaka Festo, nimepokea."

Wakapokea wote, mmoja mmoja, kwa mkono. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, kwa kuwa sikujua mtu afanye nini baada ya hapo, Mama Neema aliponizibia njia na ule mwiko. "Unakwenda wapi? Wa saba hajapigwa." Nikakaa kwenye kiti. Nje lori lilipiga honi, turubai ikapepea, mtu akaita jina langu barabarani. Mzee Haonga akaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi. "Tulia," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshachoka kusema. Nikavuta pumzi, nikaitoa, nikavuta ya pili.

Negativu hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ndani ya bahasha ya kaki. Niliiinua kule Itaka, mlangoni, watu wa msiba wakinipita. Kila kitu kinaonekana: kola iliyochakaa, masikio, madoa mawili matatu yaliyokataa kuondoka, na kijana aliyetulia.